Kamba ya Jana, Leo na Kesho

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi mbili dukani kwa baba yake. Ya kwanza ilikuwa kufagia nyuzi na vipande vya vitambaa vilivyolala chini ya cherehani. Ya pili ilikuwa kusema uongo.

Mwenyewe hakuuita uongo. Aliuita kupokea wateja. Baba yake alikuwa fundi wa nguo, na kwa kushona hakuwa na mpinzani mtaani. Ukivaa shati lake, hata mtu mliyenuniana naye atajikuta akikuuliza umeshonewa wapi. Ila alikuwa na udhaifu mmoja: hakuweza kumkatalia mtu. Kila aliyeingia na kitambaa alipokelewa kwa kicheko, akapimwa, akaambiwa aje kesho. Alipokuja kesho yake, aliambiwa aje kesho. Mtaa ulichoka kumwita kwa jina lake ukambandika jipya, Fundi Kesho, nalo likamkaa vizuri kuliko koti lolote alilowahi kujishonea.

"Mwanangu, hebu chungulia, nani huyo?" baba alinong'ona asubuhi moja, akiwa amejibanza na kikombe chake cha chai nyuma ya pazia la kujaribia nguo.

"Ni dereva wa lori."

"Mungu wangu, suruali! Mwambie sipo."

Dereva alijaa mlangoni, mtu wa kifua na sauti. "Fundi yupo?"

"Ametoka," Chiriku alisema bila kupepesa macho. "Lakini suruali yako imebaki vifungo tu. Amesema uje kesho."

"Mwezi uliopita ilibaki zipu. Kabla ya hapo ilibaki mfuko. Hiyo suruali inashonwa au inafumuliwa?"

Nyuma ya pazia mtu alipaliwa na chai, akakohoa.

"Na huyo anayekohoa?"

"Ni cherehani. Inataka mafuta."

Dereva aliitazama cherehani iliyotulia kimya mbele ya pua yake, akatikisa kichwa, akaenda zake. Karibu na mlango, Bibi, mama yake fundi, alikuwa akishona vifungo vya shati. Kiti chake kilikuwa kigumu, kwa hiyo alijiwekea bunda la karatasi ya kaki akalikalia badala ya mto. Alimtazama mjukuu wake kwa juu ya miwani.

"Mke mwenzangu, ulimi wako hauna breki. Siku moja utakutupa korongoni."

"Ndiyo maana naitwa Chiriku, Bibi," alijibu mtoto huku akicheka, akachukua mkoba wake, akakimbilia shule.

Huko shuleni mwalimu wa Kiingereza alikuwa na tatizo. Wanafunzi wake waliviimba vitenzi kwa sauti tamu, "go, went, gone," mpaka njiwa wakaruka darini, lakini ukimuuliza mmoja wao jana alifanya nini, atakujibu kwamba jana atakwenda sokoni. Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi asiyekubali kushindwa. Siku hiyo aliingia darasani na beseni lenye kamba ndefu na vibanio vya nguo. Wanafunzi walitazamana wakidhani amekuja kufua.

Alifunga kamba kutoka mlangoni hadi dirishani. Upande wa mlango alitundika kibao cha Jana, katikati Leo, na dirishani Kesho, kila kibao na Kiingereza chake chini yake.

"Kiswahili kinabeba wakati ndani ya kitenzi," alisema. "Nilifua, ninafua, nitafua. Kiingereza nacho kina njia zake, na nyinyi mnaziimba bila kuzitumia. Kuanzia leo kila mtu ataandika jambo moja atakalolifanya kesho, aanze na 'I will', alitundike pale dirishani. Akishaanza kulifanya, atalihamishia katikati na kulisema upya. Akishalimaliza, litaenda mlangoni, liwe jambo lililopita. Lakini sharti ni moja. Karatasi haihami mpaka jambo lenyewe liwe kweli. Kiingereza cha kubuni sikitaki. Kubuni mnajua tayari."

Mchezo huo uliwakolea. Mvulana mmoja aliyeitwa Gogo kwa sababu ya usingizi wake aliandika kwamba ataosha soksi zake. Kesho yake alipotaka kuihamishia karatasi yake mlangoni, darasa zima lilidai ushahidi. Alivua kiatu. Waliokaa karibu walirudi nyuma kwa mazoea, kisha wakanusa kwa tahadhari, kisha wakapiga makofi. "I washed my socks," alisema Gogo kwa fahari, na tangu siku hiyo hakukuwa na mtu aliyekosea namna ya kusema kwamba ameosha kitu.

Chiriku naye alitundika. Aliandika kwamba atasoma kitabu kinene. Aliandika kwamba ataamka kabla ya jogoo. Aliandika kwamba atajifunza kuogelea, atamfulia Bibi mashuka, atapanda mboga nyuma ya duka. Ahadi zote zilikuwa nzuri na Kiingereza chake kilikuwa safi, ila hakuna karatasi iliyotoka dirishani. Kila asubuhi upepo ulipoingia, zilipepea zote pamoja.

"Chiriku," mwalimu alisema, "kamba yako upande wa kesho inakaribia kukatika, na huku mlangoni huna hata soksi."

"Binti Kesho!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. Darasa liliangua kicheko. Jina lile lilimchoma Chiriku. Dukani alilitamka kila siku neno la kesho na halikumwuma. Hakujua kuwa lina miiba mpaka liliporushwa kwake.

Aliyekaa naye dawati moja hakucheka. Huyo alikuwa Twiga, rafiki yake wa damu, msichana aliyerefuka kwa kasi mpaka nguo zake zilishindwa kumfuata. Sketi yake ya shule ilikuwa imepanda juu ya magoti, na haikuwa na upindo wa kushushwa tena. Mama yake alikuwa amekwisha kumpelekea Fundi Kesho kitambaa kipya. Sasa Siku ya Wazazi ilikuwa imekaribia, mwalimu alitaka kuionyesha kamba yake mbele ya wazazi, na Twiga ndiye aliyechaguliwa kusimama katikati ya jukwaa na kuongoza kila kitu.

"Bila sketi mpya sipandi," Twiga alimwambia rafiki yake. "Wazazi watatazama magoti yangu, wala hawatasikiliza Kiingereza. Mkumbushe baba yako, tafadhali."

"Hilo niachie mimi," alisema Chiriku. Hata karatasi aliiandika palepale: kesho nitamkumbusha baba sketi ya Twiga. Akaitundika dirishani, na moyoni alikusudia kweli.

Jioni ya kesho yake alipofika nyumbani aliwakuta wenzake wakiruka kamba nje ya duka. Akaruka nao kidogo. Kidogo ikawa mpaka jua likazama, na sketi ikaruka kichwani mwake. Aliikumbuka asubuhi ya siku iliyofuata, tena akiwa tayari mbele ya darasa, mwalimu akimsubiri. Alizitazama karatasi zake dirishani. Alisikia mtu nyuma akianza kunong'ona, "Binti K..." Mkono wake ukainuka wenyewe, ukachomoa karatasi, ukaipeleka moja kwa moja hadi mlangoni.

"Yesterday I reminded my father," alisema kwa sauti. "He said yes." Yaani jana alimkumbusha baba, naye akakubali.

Darasa lilimpigia makofi. Twiga alimkatia nusu ya mkate wake wakati wa mapumziko, ile nusu kubwa. Mkate ulikuwa mtamu, na Chiriku aliumeza kwa shida.

Uongo ni kama nguo iliyofumuka, ukiushika uzi mmoja wote unakuja. Kila siku Twiga aliuliza sketi imefika wapi, na kila siku Chiriku aliipeleka mbele kidogo. Katika juma lenyewe la Siku ya Wazazi, mwalimu alimwita aeleze habari za sketi kwa nyakati zote tatu. Chiriku alisimama na kusema: "My father cut the cloth yesterday. He is sewing the skirt today. He will finish it tomorrow." Yaani baba alikata kitambaa jana, leo anaishona, kesho ataimaliza. Hakukosea hata herufi. Wala hakukuwa na neno hata moja la kweli.

"Jana, leo, kesho!" mwalimu alisema, macho yakimng'aa. "Hakuna aliyewahi kuzipanga vizuri namna hii. Chiriku, alama zote. Tena utayasoma maneno haya Siku ya Wazazi, uwe wa kwanza. Hebu fikiria baba yako atakavyofurahi kujisikia akitajwa kwa Kiingereza!"

Chiriku alifikiria. Alimwona baba yake katikati ya wazazi, akiuliza jirani yake, "Sketi gani?"

Siku ile hakuruka kamba. Alipekua duka zima akitafuta kitambaa cha Twiga. Alitazama chini ya meza, juu ya kabati, ndani ya magunia. Hakukiona.

"Umepoteza nini?" baba aliuliza.

"Sindano, Baba."

"Sindano haitafutwi kwenye gunia, itakutafuta yenyewe."

Chiriku alizungukazunguka. "Baba, mtu akisema amefanya jambo na hajalifanya, anafanyaje?"

"Anasema kesho," baba alijibu, akakicheka kichekesho chake mwenyewe huku akikanyaga cherehani. Bibi hakucheka. Alimtazama mjukuu kwa juu ya miwani, muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akaendelea na vifungo vyake.

Siku moja kabla ya Siku ya Wazazi, walipokuwa wakifunga mikoba, Twiga alisema kwa furaha, "Jioni napita dukani kuijaribu sketi. Nimalizie kufua soksi tu, halafu nakuja."

Chiriku alikimbia njia nzima. Aliingia dukani akihema, akasimama mbele ya cherehani.

"Baba, nimesema uongo."

"Kwa mteja gani?" baba aliuliza bila kuinua kichwa.

"Kwa Twiga. Na kwa mwalimu. Na kwa darasa zima." Kisha akamwaga yote: karatasi, dirisha, mlango, sketi iliyokatwa, sketi inayoshonwa, sketi itakayokwisha kesho. Alieleza na Kiingereza chake kabla hajaanza kulia. Miguu ya baba ilipunguza mwendo juu ya cherehani, ikasimama.

"Lakini kwa nini hukunikumbusha tu?"

"Siku ya kwanza nilisahau. Halafu..." Chiriku alijifuta pua. "Halafu nikaona hata nikikukumbusha, utasema kesho."

Fundi alifungua mdomo, lakini neno lililozoea kutoka pale safari hii lilikwama.

"Umejibiwa, mwanangu," Bibi alisema. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

"Lakini Mama, si wewe ndiye uliyenilea mimi?"

"Mimi nilikulea vizuri. Umeharibikia kwenye cherehani."

Baba aliinuka, uso wake ukiwa na haya ambayo Chiriku hakuwahi kuiona. "Kitambaa kiko wapi? Tukitafute."

Waliligeuza duka juu chini. Ilipatikana suruali ya dereva, nayo ilikuwa na mguu mmoja. Ilipatikana blauzi ya harusi ya mwanamke ambaye watoto wake sasa walikuwa wakija dukani wenyewe. Kilipatikana hata kisahani cha chai kilichopotea zamani. Kitambaa cha Twiga hakikuonekana. Baba alisimama katikati ya fujo ile, mikono kiunoni, macho yakizunguka, mpaka yakatua chini ya mama yake.

"Mama, hebu inuka kidogo."

"Niinuke niende wapi?"

"Inuka tu."

Bibi aliinuka. Bunda la karatasi ya kaki lilifunguliwa, na ndani yake kitambaa cha sketi kilikuwa kimelala, kimenyooka bila kunjo hata moja.

"Kumbe!" alisema Bibi. "Angalau nimekipigia pasi."

Hata Chiriku, na machozi yake, alicheka. Lakini vipimo, ambavyo fundi aliviandika kwa chaki juu ya ile karatasi, vilikuwa vimefutika vyote kwa kukaliwa. "Na hata visingefutika," baba alisema, "mtoto yule amekwisha kurefuka tena. Nenda kamlete sasa hivi."

"Nimwambie nini, Baba?"

"Yaliyotokea. Mimi nitakata na nitashona. Hilo siwezi kukushonea."

Chiriku alimkuta Twiga uani kwao, ameinamia beseni, akisuuza soksi nyeupe za Siku ya Wazazi. Njiani alikuwa amepanga maneno mengi mazuri. Alipofika, yote yalimkimbia. Yeye, aliyeweza kusema mpaka wateja wakasahau walichofuata, alisimama pale akigugumiza, na ukweli ukatoka vipande vipande, ule mchungu kuliko wote ukatoka wa mwisho: sketi haijakatwa. Haikuwahi kukatwa.

Twiga aliikamua soksi moja muda mrefu sana.

"Kwa hiyo hata siku ile niliyokugawia mkate..."

"Hata siku ile."

"Na ukausema kwa Kiingereza kizuri hivyo." Twiga aliitundika soksi. Macho yake yalikuwa mekundu, na Chiriku alitamani angepigiwa kelele badala ya kutazamwa namna ile. "Nikwambie kitu? Ungesema tu kwamba umesahau, ningeenda mwenyewe kumkumbusha baba yako. Miguu ninayo, tena mirefu."

Chiriku hakuwa ameliwaza hilo. Alidhani uongo wake umemficha yeye aibu; kumbe ulimfungia rafiki yake njia. Twiga alitangulia kwenda dukani kwa hatua zake ndefu, bila kugeuka. Chiriku alimfuata nyuma akikimbia ili asiachwe.

Jioni hiyo mtaa uliona kioja. Wateja walikuja kama kawaida, na hakuna aliyejificha nyuma ya pazia. "Leo siwezi," fundi alimwambia kila mmoja, mkasi mkononi. "Nashona sketi ya mtoto, na nguo yako sijaigusa." Mama mmoja alishtuka kuusikia ukweli mahali pale hata akalazimika kukaa. Dereva wa lori naye alifika.

"Hujaigusa kabisa?"

"Mguu mmoja tu."

Dereva alifikiri. "Basi asante. Hapo sasa najua nilipo."

Fundi alipima, akakata, akakanyaga cherehani mpaka ikaimba. Chiriku alishika pini, akavuta nyuzi, akapuliza makaa ya pasi mpaka macho yakamwiva. Bibi aliweka kifungo kiunoni, safari hii akiwa amekaa kwenye kiti kitupu huku akilalamika. Jua lilipokuwa likishuka nyuma ya mapaa, Twiga alizunguka juu ya kigoda, na sketi ikazunguka naye, ikatulia chini kabisa ya magoti.

"Nimekuachia upindo mpana wa mwakani," fundi alisema. "Wewe bado hujamaliza."

Twiga alimshukuru fundi, akamshukuru Bibi. Kwa Chiriku alitikisa kichwa tu, akaondoka.

Asubuhi ya Siku ya Wazazi, kabla ya kengele, Chiriku alimtafuta mwalimu akamweleza. Mwalimu alivua miwani, akaisugua, akaivaa tena.

"Nilikupa alama zote," alisema polepole. "Sentensi tatu bila kosa, kumbe kosa ni zote tatu." Akamkabidhi karatasi mpya. "Andika upya. Mara hii sitakutafutia makosa ya Kiingereza."

Ukumbi ulijaa. Kamba ilikuwa imevutwa jukwaani kutoka ukuta hadi ukuta, na Twiga alisimama katikati akiwa na vibanio mkononi, mrefu, amenyooka, sketi yake ikiwa mahali pake, na hakuna aliyetazama magoti. Aliita majina kwa sauti ya kusikika. Aliita, "Chiriku."

Chiriku alimwona baba yake mstari wa mbele, amevaa koti.

"Last week I lied to my friend," alianza. Mwalimu aliwafasiria wazazi: wiki iliyopita nilimdanganya rafiki yangu. "Yesterday my father sewed the skirt." Jana baba aliishona sketi. "Today my friend is wearing it." Na leo rafiki yangu ameivaa. Kila alipomaliza alimpa Twiga karatasi, na Twiga akaibana mahali pake.

Ikabaki kesho. Chiriku alivuta pumzi. Zamani angeahidi kitabu kinene, bahari na mashuka. Alisimama akifikiri mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Tomorrow," alisema mwishowe, "I will sweep the shop."

"Kesho atafagia duka," mwalimu alifasiri. Wazazi walicheka wakapiga makofi, na fundi alipiga kwa nguvu kuliko wote. Ndipo sauti ikanguruma kutoka nyuma, sauti ya baba yake Gogo, ambaye alikuwa si mwingine ila dereva wa lori.

"Na suruali yangu je, iko upande gani wa kamba?"

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Fundi aliinuka. Watu wazima kwa watoto walijua neno atakalosema, na wengine walikwisha kulifungulia mdomo wamsaidie. Mwalimu alikuwa mwepesi kuliko wao: alishuka jukwaani akampa fundi karatasi na kalamu. Fundi alikuna kichwa, akaandika, akapanda akatundika mwenyewe upande wa kesho: mguu wa pili wa suruali. Aliposhuka jasho lilikuwa likimtoka.

Baadaye, watu walipokuwa wakinywa soda, mwalimu aliwaweka Chiriku na wenzake chini ya ile kamba. "Nyakati za Kiingereza mtazisahau na mtazikumbuka, vitabu vipo," alisema. "Lakini lishikeni hili. Jana haihitaji kupambwa, inahitaji kusemwa ilivyokuwa. Na kesho msiijaze mambo makubwa ili watu wawasifu leo. Ahadi ni deni. Ukishindwa kulilipa, sema umeshindwa, tena mapema, ili mwenzako apate kujisaidia. Aibu ya kusema nimesahau huisha siku hiyohiyo. Aibu ya uongo hukua, na mtu mwingine ndiye hubaki bila sketi."

Twiga alitoa mkate wake, akaukata, akampa Chiriku nusu. Safari hii ilikuwa nusu ndogo.

"Kesho utaleta wewe," alisema.

Chiriku alifungua mdomo kusema ataleta mkate mzima, na siagi, na yai la kuchemsha. Akaufunga.

"Nusu," alisema. "Nitaleta nusu."

Twiga alicheka, na Chiriku alisikia kifua chake kikiwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu juma lile lianze.

Alipoamka kesho yake alifagia duka, pembe zote. Baba alikuwa amekwisha kufunga kamba yake ukutani, kutoka mlangoni hadi dirishani, na juma lililofuata dereva alipokuja, hakuna aliyechungulia wala kunong'ona. Suruali yake ilikuwa imetundikwa upande wa mlango, na miguu yote miwili. Dereva alikuwa amekuja na ugomvi wake tayari mdomoni. Sasa hakujua auweke wapi. Aliingia nyuma ya pazia kuijaribu. Zilisikika pumzi, kisha mguno, kisha kimya.

"Fundi," sauti ilisema, "haifungi. Nimenenepa nikiisubiri."

"Hilo si tatizo," fundi alisema. "Nitaitanua kiunoni, halafu uje..."

Bibi aliinua sindano yake. Chiriku aliinua ufagio wake. Wote wawili walimtazama.

Fundi aliitazama kamba. Alikohoa kidogo, akavuta kiti, akakipangusa vumbi kwa kiganja.

"Kaa hapo," alimwambia dereva. "Leo."